Mji Usio na Kihamba

Moshi kuna swali ambalo huwezi kulikwepa: "Kwenu wapi?" Utaulizwa na konda wa daladala, utaulizwa na mama wa genge pale Mbuyuni, na ukienda kuposa utaulizwa mara tatu na watu watatu. Jibu lake lina umbo maalumu. Anayeuliza anangoja utaje mahali palipo juu: Machame, Kibosho, Uru, Old Moshi, Kirua, Kilema, Marangu, Mwika, Rombo. Ukishataja, anakupanga kichwani mwake. Anajua lahaja yenu, anajua mnasali wapi, pengine anajua hata babu yako aliuza ng'ombe wa nani bila ruhusa.

Mimi hujibu, "Njoro." Hapo hutokea kicheko kidogo, kisha swali linarudi likiwa limeongezewa neno moja: "Hapana, kwenu kabisa?"

Neno "kabisa" nimeishi nalo miaka thelathini na ushee. Nimezaliwa Moshi, baba yangu alizaliwa Moshi, na bado kuna mtu wa Mwika aliyehamia mjini juzi kutoka Dar es Salaam ambaye anahesabika mwenyeji kuliko mimi. Sisemi hivi kwa uchungu. Huko juu mwenyeji ni mtu mwenye kihamba, na sisi hatuna. Kwa msomaji asiyetoka pande hizi: kihamba ni shamba la migomba na kahawa linalorithiwa kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, lenye mfereji wa maji, lenye masale yaliyopandwa mpakani, na lenye makaburi ya waliotangulia nyuma ya nyumba. Mtu hazikwi "makaburini" huko juu. Anazikwa kwao, na mgomba unaendelea kuzaa kando yake.

Ukitaka kuuona mpaka huu kwa macho, njoo Desemba. Kuanzia tarehe ishirini hivi magari yanamiminika kutoka Dar, Mwanza, Nairobi, mpaka foleni inafika mahali ambapo mwaka mzima hakuna foleni. Yanapita mjini, yananunua nyama, soda, mafuta na maua, halafu yanapanda. Siku ya Krismasi mji wenyewe, wenye watu zaidi ya laki mbili, unakuwa kama nyumba ambayo wenye nyumba wamesafiri. Tunaobaki tunajuana: watu wa Njoro, Majengo, Kaloleni, Pasua, Bondeni. Watoto wa reli, wa viwandani, wa mashamba ya mkonge, wajukuu wa askari, wa maduka, wa vyerehani. Utotoni nilidhani Desemba ni mwezi wa kuachwa. Siku hizi nauona kama mwezi ambao mji unaonyesha uliundwa na nani.

* * *

Hata jina la mji halikuzaliwa hapa chini. Moshi ilikuwa huko juu, umangi wa Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara. Leo huko tunakuita Old Moshi, kana kwamba jina letu ndilo asili na la wao ni la zamani tu.

Na huko juu kwenyewe hakujawahi kuwa kisiwa. Mmisionari Johannes Rebmann alipouona mlima wenye theluji Mei 1848, hakujileta. Aliongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani ambaye njia alizijua tayari. Maana yake Kiswahili kilikuwa kimeshapanda mlimani kabla Mzungu hajaandika neno lolote kuhusu mlima huo. Rindi alifanya biashara na misafara hiyo, pembe za ndovu na watumwa vikiwamo, maana hilo nalo ni sehemu ya historia na halifichiki. Mwaka 1885 Lloyd Mathews alifika kwa niaba ya Sultani wa Zanzibar kutafuta mamangi wakubali bendera yake. Wiki chache baadaye akaja Mjerumani Carl Jühlke na karatasi zake, na Rindi akaweka alama huko pia. Mtu anaweza kumwona kigeugeu. Mimi namwona mtawala aliyekaa njia panda na kujua kwamba kila mgeni ni silaha dhidi ya jirani yake wa Kibosho.

Mwanawe, Meli, alikuta wageni wameshakuwa wenye nyumba. Mwaka 1892 aliwapiga Wajerumani, mwaka uliofuata wakarudi na nguvu kubwa zaidi wakamshinda. Tarehe 2 Machi 1900 walimnyonga Old Moshi pamoja na viongozi wengine kumi na wanane. Hao kumi na tisa hawakuwa watu wa kabila moja wala umangi mmoja. Walikuwamo viongozi wa Wameru na wa Waarusha. Hata orodha ya mashujaa wetu wa mlimani, ukiisoma vizuri, ina watu wa mahali pengine.

Kathleen Stahl, ambaye kitabu chake cha historia ya Wachaga kilitoka mwaka 1964, alikwenda umangi kwa umangi akisikiliza simulizi za wazee. Ukizifuata simulizi za namna hiyo, utakutana na koo zinazosema waziwazi zilitoka Ukamba, Taita, Usambara, Upareni, Umasaini. Jina lenyewe "Chaga" lilikuwa zaidi mdomoni mwa watu wa nje waliopita na misafara. Mwenyeji alijiita Mmachame, Mkibosho, Mkilema. Kuwa "Mchaga" kwa maana tunayoijua leo ni kazi ya karne ya 20: kahawa, shule, makanisa, na siasa iliyomweka Thomas Marealle kuwa Mangi Mkuu mwanzoni mwa miaka ya 1950. Naandika hivi kwa heshima. Mama yangu ni Mkibosho, na akisoma aya hii atanipigia simu.

* * *

Mji wa chini uliletwa na reli. Mwaka 1911 reli iliyoanzia Tanga ilifika kwenye tambarare chini ya mlima, na kwa kuwa treni haipandi migombani, serikali na biashara zikaifuata. Ndiyo ikawa Moshi Mpya. Mji uliotungwa kuzunguka stesheni una tabia yake: kila aliyekuja alikuja na kazi, na kila kazi ilikuwa na watu wake.

Wahindi walifungua maduka, na ndani ya neno moja "Wahindi" walikuwamo Wahindu, Waismailia, Masingasinga, Wagoa, kila kundi na mahali pake pa kusali. Wagiriki, ambao wengi waliingia nchini na kazi za ujenzi wa reli, wakageukia mashamba ya mkonge na kahawa. Kutoka bara walikuja Wanyamwezi na Wasukuma, waliokuwa wameshajulikana kwa kubeba mizigo na sasa wakavuta reli na kukata mkonge. Watu wa pwani walikuja na ufundi, Uislamu na pilau. Wapare walikuwa jirani tu, wakaingia bila hodi, ndivyo Wachaga watakavyokwambia, maana ni watani.

Halafu vita. Machi 1916 majeshi ya Waingereza, yenye askari kutoka India na Afrika Kusini, yaliingia Moshi. Reli ya Tanga ikaunganishwa na ile ya Voi, upande wa Kenya, kwa mahitaji ya vita hiyohiyo. Wajerumani walipoondolewa, mashamba yao yaliuzwa kama mali ya adui, na miongoni mwa walionunua walikuwamo Wagiriki na Wahindi. Mjini hapa yapo makaburi ya askari wa vita ile, yanatunzwa vizuri, nyasi zimekatwa. Watu waliokufa mbali na kwao, katika mji ambao pengine hawakuwahi kujua jina lake kabla.

Kahawa ndiyo iliyoufunga mji wa chini na mlima. Walowezi hawakufurahi kuona Mwafrika analima arabika, wakashinikiza azuiwe. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, Kilimanjaro Native Planters' Association, Joseph Merinyo akiwa mbele, na mwaka 1933 ikashika nafasi KNCU. Kahawa ilichumwa juu, ikapimwa na kulipwa chini. Fedha ile ilisomesha watoto kwa namna ambayo mikoa mingine inaizungumzia mpaka leo, mara nyingi kwa wivu. Lakini mara nyingi simulizi ya kahawa inaishia kwa mkulima. Nani alishona magunia? Nani alipakia mabehewa? Nani aliamka saa tisa usiku kukagua breki za treni iliyobeba kahawa kwenda Tanga? Huyo wa mwisho namjua. Alikuwa babu yangu.

Babu alikuja mwaka 1949 kutoka Sikonge, Tabora. Mnyamwezi, Mmoravian wa kuzaliwa, mtu asiyependa maneno. Alipewa chumba kwenye kota za reli, akaoa binti wa Kipare kutoka Usangi aliyekuwa akiuza mboga stesheni, na akakaa. Kanisa la Moravian halikuwepo karibu, akawa anasali na Walutheri. Miaka arobaini alikaa benchi moja akiimba nyimbo ambazo alisema zinafanana na za kwao ila "hawa wanaziburuza". Baba alizaliwa mwaka 1954. Naye akaingia reli, naye akaoa: binti wa Kibosho, Mkatoliki. Kwa hiyo ndani ya nyumba yetu ya vyumba viwili palikuwa na Sikonge, Usangi na Kibosho, na madhehebu matatu, na lugha ya kupatana ikawa Kiswahili kwa sababu hakuna aliyekubali kushindwa.

* * *

Ukiujua mji huu hivyo, unaanza kuusikia ukiongea. Nenda Njoro ya Dobi. Jina la maneno matatu tu. "Njoro" linatoka Kimaasai, neno la chemchemi, mahali pa kunyweshea mifugo. "Dobi" ni neno la Kihindi la mtu anayefua nguo kwa malipo. Katikati, "ya", Kiswahili kinawaunganisha. Hakuna Mchaga ndani ya jina hilo, na liko chini kabisa ya Kilimanjaro. Kwanza ng'ombe walikunywa hapo, baadaye mashati yakafuliwa hapo, na jina likabaki na vyote viwili.

Au sikiliza maneno tunayoyatumia bila kufikiri. Mtoto anakwenda shule, neno la Kijerumani. Anaomba hela, jina lililotokana na sarafu ndogo ya Wajerumani. Anapita dukani, neno lililovuka bahari kutoka India. Anarudi nyumbani kula mtori. Hapo sasa ndipo mlima unapojitokeza, kwenye chakula, na hata hapo haukai peke yake. Krismasi huko juu, kwa mamangi na kwa makuli, karibu kila nyumba inapika nini? Pilau. Sahani ya watu wa pwani, yenye iliki na mdalasini, inapikwa migombani kusherehekea kuzaliwa kwa Yesu, na pembeni kuna mbege na chapati. Nimekula pilau hilo Kibosho kwa bibi mzaa mama miaka mingi, na sijawahi kusikia mtu akiuliza, "Hili pilau kwao wapi?"

Katikati ya mji unaweza kutembea nusu saa ukapita msikiti wa Riadha, hekalu la Wahindu, gurdwara ya Masingasinga, jamatkhana ya Waismailia, makanisa makuu ya Walutheri na ya Wakatoliki. Wageni wanaokuja kupanda mlima huwa wanapiga picha na kusema ni mji wa upatano. Wana haki ya kusema hivyo, wamekaa siku mbili.

Sisi tuliokaa zaidi tunajua kwamba kuishi karibu karibu si sawa na kuishi pamoja. Moshi ya Waingereza ilikuwa na uzunguni, uhindini na uswahilini, na mipaka ilieleweka bila ukuta. Babu aliweza kununua kitambaa kwenye duka la mtaa wa Wahindi. Kupanga chumba mtaa huohuo ilikuwa habari nyingine. Mpaka leo mtaa wetu wenye miti mikubwa na nyumba za kifahari unaitwa Shanty Town, jina ambalo kila mgeni hulicheka, na mpaka leo mtoto wa Pasua anaweza kumaliza shule bila kuwa na sababu ya kuingia huko.

Halafu ukaja mwaka 1971. Sheria ya kutaifisha majengo ilichukua nyumba za kupangisha zenye thamani ya kuanzia shilingi laki moja, na katika miji kama Moshi wenye nyumba hizo walikuwa Wahindi kwa wingi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, yakafuata mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi, Wagiriki miongoni mwao. Kuna watu waliopata makazi kwa bei wanayoiweza kwa mara ya kwanza katika mtaa ambao baba zao walipita tu wakiwa na mizigo kichwani. Kuna watu waliofunga masanduku. Yote mawili yalitokea kwenye ngazi zilezile, na mimi sioni namna ya kusimulia moja na kuliacha jingine.

Baba alikuwa na rafiki, mtoto wa nyumba mojawapo ya hizo. Walicheza mpira pamoja nyuma ya maghala ya stesheni. Mwaka 1972 familia yake ilihamia Leicester, Uingereza. Waliandikiana miaka kadhaa, barua zikapungua, zikakoma. Mwaka 2009 yule bwana alikuja. Mnene, mvi, koti kubwa kwa mji wenye joto. Nilikwenda naye na baba mpaka mbele ya nyumba yao ya zamani. Mwaka wa ujenzi ulikuwa bado umechongwa juu ya mlango, kama zilivyo nyumba nyingi za mtaa ule. Kijana muuza laini za simu aliyekuwa chini ya kibaraza akamsalimia kwa Kiingereza, yule mzee akamjibu kwa Kiswahili cha Moshi kabisa, chenye ile lafudhi ya kuvuta. Kijana akashangaa, akauliza swali letu: "Kwenu wapi, mzee?"

Akasema, "Hapa."

Kijana akacheka. Baba hakucheka. Jioni ile hakula vizuri.

* * *

Baba alifariki Machi 2018. Alikuwa ameshasema azikwe wapi, na ameandika, kwenye daftari lilelile alilokuwa akiandikia madeni ya duka: "Nizikwe makaburi ya mjini. Msinisafirishe." Sentensi mbili. Lakini aliyezoea misiba yetu anajua kwamba daftari la marehemu ni maoni tu mpaka kikao cha familia kikae.

Kikao kilikaa usiku wa pili, chini ya turubai. Kutoka Tabora alifika baba mdogo, binamu yake baba, amesafiri siku nzima na usiku. Alisema kwa upole kwamba mtu harudi kwao akiwa hai tu. Babu alizikwa Moshi kwa sababu mwaka ule fedha hazikuwepo, na lile lilikuwa deni. Sasa watoto wana kazi, deni lilipwe, mwili uende Sikonge. Hakuwa na ubaya. Alisema, "Kule kuna watu wanaolijua jina lake." Nilitaka kumjibu kwamba baba alikwenda Sikonge mara mbili tu maishani. Nikanyamaza, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kweli pia: kule kuna watu wanaolijua jina.

Ndipo akasimama mjomba, kaka mkubwa wa mama. Wanaojua mila za Uchagani wataelewa kwa nini turubai zima lilinyamaza. Alisema, "Shemeji yetu amekaa na dada yetu miaka thelathini na nane. Kama tatizo ni kwao, sisi tuna kihamba. Tutampa pembeni, karibu na mfereji." Mkwe hazikwi kihambani kwa wakeze. Mjomba alijua, wote tulijua, na alisema hata hivyo. Bibi mmoja wa Kipare, upande wa bibi yangu, akaona utani utaokoa hali, akasema kwa sauti, "Mchaga akikupa ardhi, hesabu vidole." Watu wakacheka mpaka wengine wakalia upya.

Mimi ni mtoto wa kwanza, kwa hiyo nikaulizwa. Nikafungua daftari nikasoma zile sentensi mbili. Halafu nikasema jambo ambalo sikuwa nimelipanga: kwamba baba alipewa sehemu mbili za heshima usiku ule, na alijua huenda angepewa, na bado aliandika mjini. Aliishi kwenye mji huu miaka sitini na nne. Hapa aliajiriwa, hapa aliachishwa kazi reli ilipodhoofika, hapa alifungua duka. Kama mtu kama yeye akifa anapelekwa Sikonge, au anapokewa Kibosho kwa huruma, basi Moshi ya chini itabaki kuwa mahali pa kupita milele, stesheni tu, hata treni zikiisha.

Baba mdogo alifikiri muda mrefu. Mwisho akasema, "Basi tuje tupaone, tupajue." Asubuhi alikwenda mwenyewe makaburini na wachimbaji. Alirudi Sikonge na udongo kidogo kwenye mfuko wa Rambo. Mjomba naye, siku ya tatu baada ya mazishi, alishuka na miche miwili ya masale akaipanda kichwani mwa kaburi na miguuni. Jani la sale kwa Wachaga ni la mpaka, la amani, la kuombea radhi. Sijui mjomba alimaanisha lipi kati ya hayo, na sikumuuliza. Mche mmoja ulikufa kwa ukame wa kule tambarare. Mwingine umeota.

* * *

Mlima huu unajua uzito wa mifupa. Baada ya kunyongwa, kichwa cha Mangi Meli kinaaminika kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Isaria Meli, alitumia miongo mingi ya maisha yake akidai kirudishwe. Mwaka 2023 taasisi ya Berlin inayosimamia mafuvu yaliyochukuliwa Afrika Mashariki enzi za ukoloni ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu kadhaa na familia zilizo hai Tanzania. Mojawapo lilitambuliwa kuwa la mshauri wa Meli, ambaye kwenye kumbukumbu zao alikuwa ameandikwa "Akida". Cha Meli hakikuwamo. Nilipoandika habari hiyo nilifikiria lile neno, Akida. Ni cheo, lenye asili ya Kiarabu, likapitia pwani, likapanda mlimani, likatumiwa na Wajerumani, likaishia kwenye lebo Berlin. Mtu wa Old Moshi alitambulika baada ya zaidi ya miaka mia moja kwa sababu ya neno lililoletwa na wageni.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema historia ya mchanganyiko ni ya mji na historia safi ni ya mlimani. Wala sikubaliani na ndugu zangu wa Njoro wanaosema sisi wa mjini hatuna asili, tuna uraia tu. Mji huu umepokea dunia mara nyingi. Februari 1963 wajumbe wa mshikamano wa Asia na Afrika walikutana hapa, na Mwalimu Nyerere akawaonya kuhusu kinyang'anyiro cha pili cha Afrika. Machi 1979 Waganda waliomkimbia Idi Amin walikutana hapahapa wakaunda umoja wao na kumchagua Yusuf Lule. Miwa ya TPC ilianzishwa na Wadenmarki, na sasa wabia wa serikali ni watu wa Mauritius. Mpunga wa Chekereni ulistawishwa kwa msaada wa Wajapani miaka ya 1980. Wageni wote hao tunawataja kwa fahari tukiwa na wageni wengine. Wale waliobaki, wakafua, wakashona, wakakaza boliti za reli na kuzaa watoto, hao ndio tunaoendelea kuwauliza "kwenu kabisa?"

Treni ya abiria ilirudi Moshi Desemba 2019, baada ya miaka mingi ya kutokuwepo. Baba aliikosa kwa mwaka mmoja na miezi tisa. Nilikwenda stesheni kuripoti, watu wamejaa, wengi wakiwa njiani kupanda kwao kwa sikukuu. Nilifurahi kwa ajili yao, kweli. Nikaandika habari yangu ya maneno mia nne, nikaituma, halafu nikatembea mpaka makaburini, maana si mbali.

Kuna mstari mmoja pale, alipo baba, ambao huwa nausoma kama kitabu. Kushoto kwake kuna msalaba wenye jina la Kiha, mtu wa Kigoma. Kulia kuna mama wa Kingoni. Mbele kidogo jina la Kipare, halafu la Kirangi, halafu la Kichaga, ndiyo, la Kichaga, mtu ambaye kwa sababu ambazo familia yake inazijua hakupandishwa. Wote wamezaliwa tarehe tofauti, mahali tofauti, na chini ya kila jina aliyeandika rangi amemalizia kwa neno lilelile, Moshi, na mwaka. Mara ya mwisho nilipokwenda nilimkuta mwanamke akipalilia kaburi la pili kutoka la baba. Tukasalimiana, nikamsaidia kubeba maji. Akaniuliza mimi ni wa nani. Nikamwonyesha kaburi lenye sale. "Aa," akasema, "kumbe tu majirani."